Betri na Gari la Umeme: Nani Atamzika Mwenzake?

Swali ambalo wasikilizaji wa mazungumzo haya wameniletea mara nyingi siku hizi halihusu siasa wala bei ya unga. Linahusu magari ya umeme. Mtu amepita penye uwanja wa kuuzia magari, Nairobi au Mombasa, akaona Nissan Leaf iliyotumika Japani. Bei imemvutia, hesabu ya petroli atakayookoa ameshaipiga, na mkono uko njiani kuingia mfukoni. Hapo jirani anamwambia: "Wewe nunua tu. Baada ya miaka michache betri itakufa, na betri mpya ni bei ya gari jingine." Mkono unarudi ulikotoka.

Je, jirani huyo anasema kweli? Betri ya gari la umeme huzeeka na kufa kabla ya gari lenyewe, au ni gari linalotangulia? Hilo ndilo nitakalolieleza juma hili, kwa sababu kuna watu wanaokaribia kuweka akiba ya miaka kumi katika jibu lake.

Kwanza tuelewe hofu hii imetoka wapi. Sote tumezikwa na betri. Betri ya simu inaanza kwa siku mbili, baada ya miaka mitatu haifiki saa tisa alasiri. Betri ya kawaida ya gari, ile ya volti 12 yenye risasi na tindikali, huitupa kila baada ya miaka michache. Kwa hiyo tukisikia gari zima linaendeshwa kwa betri, tunaona simu kubwa yenye magurudumu. Na kwa kuwa gari la umeme nalo mara nyingi hubeba betri ndogo ya volti 12 ya kuwashia taa na kompyuta zake, kuna wenye magari waliokuta gari haliwaki asubuhi, wakalia kwamba betri kubwa imekufa, kumbe ni hii ndogo isiyokuwa na bei ya kutisha.

Betri kubwa ni ya lithiamu, jamii moja na ile ya simu. Kampuni ya Sony iliitoa sokoni mara ya kwanza mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu waliofungua njia yake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Kazi yake, ukiieleza kwa lugha ya nyumbani, ni hii: chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja wa betri kwenda upande wa pili wakati wa kuchaji, na hurudi wakati wa kutumia. Kila zinaposafiri, chache hunasa njiani na kujenga utando mwembamba, kama ukoko mweupe unaojijenga ndani ya birika la chai. Chembe zilizonasa hazifanyi kazi tena. Betri haifi ghafla. Inapungua kidogo kidogo, na mwendo wa gari kwa chaji moja unapungua nayo.

Utando huo hukua kwa njia mbili. Kuna uzee wa miaka, unaoipata betri hata gari likiwa limeegeshwa tu. Na kuna uzee wa matumizi, unaotokana na kuchaji na kutumia. Yanayoharakisha ni manne: joto kali, kuiacha betri imejaa kabisa kwa siku nyingi, kuikausha hadi mwisho mara kwa mara, na kuitegemea mno ile chaji ya kasi ya barabarani.

Sasa simu na gari vinatofautiana wapi? Simu tunaichaji usiku hadi ijae, tunaikausha mchana hadi izime, kisha tunaibana mfukoni ikiwa moto. Betri ya gari ina kompyuta inayoilinda. Kompyuta hiyo huficha akiba juu na chini, hivi kwamba hata dashibodi ikisema imejaa au imekwisha, ndani haijafika kileleni wala shimoni. Magari mengi ya siku hizi yana maji maalumu yanayopita kando ya betri kuipoza, kama rejeta inavyopoza injini. Na kuna jambo la tatu, ambalo ni hesabu tu.

Hebu tuipige. Nissan Leaf ya kwanza iliyoanza kuuzwa Desemba 2010 ilikuwa na betri ya uniti 24, uniti zile zile tunazonunua kwa tokeni nyumbani. Kwa kipimo cha serikali ya Marekani, ilikwenda kilomita 117 hivi kwa chaji moja. Ili gari hilo litembee kilomita 200,000, betri lazima ijazwe na kumalizwa zaidi ya mara 1,700. Gari la leo linalokwenda kilomita 400 kwa chaji moja linafika kilomita hizo hizo 200,000 kwa kujazwa mara 500 tu. Betri kubwa haichoki upesi kwa sababu haifanyishwi kazi ya punda. Tena ikipungua kwa asilimia 30, ile ndogo inabaki na kilomita 82, na kubwa inabaki na 280. Asilimia ni ile ile, lakini mwenye gari la kwanza ameanza kuhesabu vituo, na wa pili huenda hata hajagundua.

Leaf hiyo ya kwanza ilikuwa na udhaifu mwingine. Betri yake haikuwa na maji ya kuipoza. Mwaka 2012 wenye magari katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, ambako wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40, walianza kulalamika. Dashibodi ya Leaf huonyesha afya ya betri kwa vijiti 12, na vijiti vyao vilikuwa vikizimika kabla hata gari halijatimiza miaka miwili. Kesi ilifunguliwa. Nissan ikaongeza dhamana kwamba betri ikishuka chini ya vijiti tisa, yaani asilimia 70 hivi, ndani ya miaka mitano au maili 60,000, itatengenezwa au kubadilishwa. Sehemu kubwa ya sifa mbaya ya betri duniani ilizaliwa huko Phoenix. Ilikuwa sifa ya haki kwa gari lile, katika joto lile.

Lakini tangu wakati huo miaka imepita na ushahidi umekusanyika. Kampuni ya Geotab, ambayo hufuatilia mienendo ya magari ya makampuni, ilikagua maelfu ya magari ya umeme. Mwaka 2020 ilikuta kwamba betri hupoteza wastani wa asilimia 2.3 ya uwezo wake kwa mwaka. Ilipokagua tena mwaka 2024 ilipata asilimia 1.8. Kampuni nyingine ya Marekani, Recurrent, ilitazama magari 15,000 hivi mwaka 2023. Ukiondoa yale yaliyorudishwa kiwandani kwa kasoro, ni asilimia 1.5 tu yaliyokuwa yamebadilishwa betri, na mengi kati ya hayo ni ya miaka ya mwanzo.

Nimetaja kasoro, na sitaki kuipita kimya. Mwaka 2021 General Motors iliyarudisha magari yote ya aina ya Chevrolet Bolt yaliyokwisha kutengenezwa, zaidi ya 140,000, kwa sababu betri zake zingeweza kushika moto. Huo si uzee. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, na magari ya petroli nayo huwa na yake.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Uingereza. Kule kila gari lililopita miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka kwa sheria, na rekodi zinahifadhiwa. Watafiti walichukua rekodi karibu milioni 300 za ukaguzi, kuanzia 2005 hadi 2022, wakachapisha matokeo Januari 2025 katika jarida la Nature Energy. Walikadiria kwamba gari la petroli huishi miaka 18.7 kabla ya kutupwa, la dizeli miaka 16.8, na la umeme miaka 18.4. La umeme lilikuwa pia limetembea mbali kuliko la petroli, kilomita 200,000 hivi. Yaani gari la umeme, pamoja na betri yake inayotiliwa shaka, halitangulii kaburini.

Viwanda vyenyewe vilishangaa. Baada ya kuuza Leaf, Nissan ilijiandaa kupokea betri chakavu kwa wingi ili izipe kazi nyingine. Mwaka 2022 afisa wake wa masoko nchini Uingereza, Nic Thomas, alieleza kwamba baada ya miaka 12 karibu betri zote walizotengeneza bado zilikuwa ndani ya magari. Uwanja wa mpira wa Johan Cruijff, mjini Amsterdam, tangu 2018 unahifadhi umeme wake katika betri 148 za Leaf, nyingine mpya na nyingine zilizokwisha kutumika. Betri iliyochoka kukimbia barabarani bado inaweza kukaa ghalani ikawasha taa.

Basi hadi hapa jirani ameshindwa kesi. Ulaya na Marekani, kwa gari la miaka ya karibuni, betri kwa kawaida itaendelea kuishi hata baada ya kutu, ajali au uchakavu kulimaliza gari. Lakini msikilizaji, usitoe pesa bado. Tumelinganisha betri na gari la nani?

Gari la Mwingereza hufa likiwa na miaka 18. Kwetu gari haliruhusiwi kufa. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo wengi wetu hulipokea likiwa na miaka saba. Mwingereza angelihesabu limefika katikati ya maisha. Sisi tunalipa jina jipya, tunalibandika namba mpya, na kuliita gari jipya la baba fulani. Kisha litaendeshwa miaka 15 au 20 zaidi. Injini itafunguliwa Industrial Area, spea zitasakwa Kirinyaga Road, bodi itapigwa rangi mara mbili. Corolla za miaka ya tisini bado zinabeba watu. Kwa hiyo betri ya hapa inashindana na gari lenye roho ya paka, na mashindano hayo ni magumu kuliko ya London.

Tupige hesabu ya pili. Tuchukue ule wastani wa asilimia 1.8 hadi 2.3 kwa mwaka. Gari likifika Mombasa na miaka saba, betri yake imepoteza asilimia 13 hadi 16. Likifika miaka 20, imepoteza asilimia 36 hadi 46. Bado inakwenda, lakini imebaki na zaidi kidogo ya nusu. Kama ni gari lililoanza na kilomita 400, litakuwa na 215 hadi 255, na mtu wa mjini hana la kulalamika. Kama ni lile la kilomita 117, litakuwa na chini ya 80, na hilo ni kwa wastani wa magari yote, wakati Leaf za mwanzo zisizo na maji ya kupoza huchoka upesi kuliko wastani huo.

Na dhamana? Siku hizi viwanda vingi hutoa dhamana ya miaka minane au kilomita 160,000 kwamba betri haitashuka chini ya asilimia 70. Ni dhamana nzuri, ila imeandikwa kwa mnunuzi wa kwanza katika nchi ya kwanza, na mara nyingi haivuki bahari. Gari la miaka saba linapotelemka melini, hata karatasi yenyewe imebakiza mwaka mmoja tu.

Kuhusu hali ya hewa tuna bahati ambayo hatuisemi. Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari, ni mahali pazuri pa kuzeeka kwa betri: hapana joto la Phoenix wala barafu ya Oslo. Mombasa na Dar es Salaam ni habari nyingine. Hakufiki nyuzi 40, lakini joto halipumziki mwaka mzima, na hata usiku betri haipoi sana. Mtu wa pwani ana sababu zaidi ya kutafuta gari lenye mfumo wa maji wa kupoza betri, na kuliegesha kivulini.

Msifikiri pia kwamba betri ikiharibika ni lazima itupwe yote. Hapa ndipo pesa nyingi za watu hupotea. Betri ya Leaf ile ya uniti 24 si kitu kimoja. Ina seli 192 zilizopangwa nne nne katika paketi 48. Ya Toyota Prius ya miaka ya 2000, ambayo ni gari la petroli na umeme pamoja, ina paketi 28. Seli hizi zimeungana kama mnyororo, na moja ikidhoofika inazivuta nyingine zote. Ni ule msemo wa samaki mmoja akioza. Lakini katika betri, huyo mmoja anaweza kutolewa.

Mwenzangu mmoja hapa studio ana Prius. Gereji moja ilimwambia betri imekufa na akatajiwa bei iliyomfanya akae chini. Alipata fundi mwingine, kijana aliyejifunza kazi hii, akazipima paketi moja moja kwa saa mbili na kukuta mbili tu ndizo mbovu. Zilibadilishwa, na gari linakwenda hadi leo. Tofauti kati ya bei ya kwanza na ya pili haikuwa tofauti ya betri. Ilikuwa tofauti ya ujuzi wa fundi. Na ujuzi huo si wa kubahatisha, kwa maana betri ya gari la umeme ina volti mia tatu na zaidi. Fundi asiye na mafunzo na glovu zake akiifungua, inaweza kumuua.

Sasa niseme na yule aliyeurudisha mkono mfukoni. Usiulize betri hudumu miaka mingapi. Uliza betri hii iliyo mbele yako ina afya kiasi gani leo. Usikubali kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Tazama vijiti vya afya kwenye dashibodi, lakini usiviamini peke yake, maana vinaweza kurudishwa kwa hila kwa muda. Mtafute mtu mwenye kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu, akuonyeshe asilimia ya afya na hali ya kila seli. Kisha lijaze chaji, liendeshe kilomita 30 au 40 katika foleni na mlimani, na uone kilichobaki. Muuzaji akikataa hayo, amekwisha kukujibu.

Ukishanunua, lichaji usiku polepole. Betri nyingi hupenda kukaa kati ya asilimia 20 na 80 kwa siku za kawaida, na kujazwa kabisa siku ya safari. Zile za chuma na fosfati, zinazotumiwa sana na viwanda vya China kama BYD, huvumilia zaidi, na baadhi ya viwanda huagiza zijazwe kabisa mara moja kwa wiki. Soma kitabu cha gari lako. Chaji ya kasi iache kwa dharura na safari ndefu.

Lakini kuna sehemu ambayo mnunuzi hawezi kuifanya peke yake. Makampuni ya usafiri yameonyesha njia moja. BasiGo, iliyoanza kuendesha mabasi ya umeme Nairobi mwaka 2022, humuuzia mwenye basi basi bila betri, naye hulipia betri kwa kila kilomita anayotembea. Ampersand, huko Kigali na Nairobi, humbadilishia mwendesha boda boda betri tupu kwa iliyojaa. Katika mipango yote miwili, uzee wa betri ni mzigo wa kampuni yenye wataalamu. Abiria na dereva wanalala usingizi.

Mwenye gari dogo la kutoka Japani hana kampuni ya kumbebea. Mzigo ni wake, na ndiyo maana anahitaji mambo mawili. La kwanza, kila gari la umeme lililotumika lipimwe afya ya betri kabla halijauzwa, na asilimia iandikwe kwenye karatasi kama mwaka wa kutengenezwa unavyoandikwa. Magari haya hukaguliwa breki na taa kabla hayajapakiwa melini. Kuacha kupima sehemu yenye thamani kuliko zote ni kama kumkagua ng'ombe mnadani kwa kutazama mkia. La pili, vyuo vyetu vya ufundi vifundishe kufungua na kutengeneza betri za volti kubwa, na vifundishe sasa, kabla magari hayajawa mengi na mafundi wakajifunza kwa kuungua.

Bei nayo inasaidia. Mwaka 2010 betri iligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti moja ya uwezo wake. Kufikia 2024, kwa hesabu ya BloombergNEF, wastani ulikuwa dola 115, ingawa hiyo ni bei ya kiwandani na si ya dukani. Anayenunua gari leo huenda akaja kuhitaji betri katika dunia ambamo betri si utajiri tena.

Basi jirani tumjibu hivi. Kwa gari la umeme la miaka ya karibuni, lililotunzwa, betri haitalitangulia gari kaburini. Kwa gari dogo la zamani, lililopita mikono mingi na joto jingi, jirani ana haki ya kukuonya. Anayekuambia magari yote ya umeme ni hatari, na anayekuambia hayana neno, wote wawili hawajalipima hilo unalotaka kununua. Lipime wewe.

Hadi juma lijalo, panapo majaaliwa.